Chemba ya biashara inamsaidia nini mfanyabiashara wa kijijini?

Kila tunapozungumzia chemba ya biashara hewani, ujumbe wenu wa simu huja na maswali yaleyale. Je, wanatoa mikopo? Hapana. Je, ndio wanaotoa leseni? Hapana pia. Leseni ya duka lako inatoka halmashauri, jina la biashara linasajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi inatoka TRA. Sasa kama chemba haina mkopo wala leseni, mtu alipe ada ya uanachama kwa ajili gani?

Twende kwanza mpakani. Tuseme wafanyabiashara watatu wa Kahama wamekusanya mchele, wamejaza lori, na mnunuzi wao yuko Uganda. Lori linafika Mutukula. Mchele unaotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa forodha wa 75%, na mahindi 50%. Mchele uliolimwa ndani ya Jumuiya hautozwi ushuru huo, kwa mujibu wa Umoja wa Forodha ulioanza Januari 2005. Lakini punje ya mchele haisemi imetoka wapi. Ofisa wa forodha akifungua gunia hawezi kujua kwa macho kama ni wa Kahama au uliingia kwa meli kutoka Asia, na nchi jirani zimewahi kuutilia shaka mchele wetu kwa sababu hiyohiyo. Bila ushahidi, lori linakaa, siku zinahesabiwa, dereva anadai posho, na wale watatu wanaweza kurudi nyumbani na deni badala ya faida.

Ushahidi unaotakiwa ni cheti cha uasili wa bidhaa. Ni karatasi inayosema mzigo huu umezalishwa Tanzania. Kwa Tanzania Bara, kazi ya kutoa vyeti hivyo imekabidhiwa Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo, ambayo wengi mnaijua kwa kifupi chake, TCCIA. Zanzibar wana chemba yao, ZNCC. Chemba hailipigi muhuri kila lori linalopita. Itataka kuona ankara ya mauzo na nyaraka za mzigo. Zao lililopandwa na kuvunwa hapa nchini halina ubishi mkubwa. Ugumu huanza kwenye bidhaa za kuchanganya, kama vile juisi au sabuni, ambapo sehemu ya malighafi imetoka nje.

Hapa tuwatoe hofu wenye mizigo midogo. Kama bidhaa zako zimezalishwa ndani ya Jumuiya, zimo kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, kuna cheti rahisi kinachotolewa palepale mpakani na maofisa wa forodha. Mama mwenye magunia machache ya maharage hana haja ya kusafiri hadi mjini kukitafuta. Wengi hawalijui hili, wakaishia kupita njia za panya na kunyang'anywa mzigo ambao ungepita kihalali.

Kazi ya pili ya chemba haionekani kwa macho kama cheti, nayo ni kusema kwa niaba ya wengi. Baraza la Taifa la Biashara, linaloongozwa na Rais, lina wajumbe 40: nusu serikali, nusu sekta binafsi. Chini yake kuna mabaraza ya mkoa, chini ya mkuu wa mkoa, na ya wilaya, chini ya mkuu wa wilaya. Humo ndimo mtu anaweza kusimama mbele ya wakubwa na kusema kizuizi fulani cha barabarani kinatutoza mara mbili. Mfanyabiashara mmoja akisema hivyo ofisini kwa mtu, ataonekana mkorofi. Chemba ikisema, inaandikwa kwenye muhtasari.

Chukua ushuru wa mazao. Wakulima na wafanyabiashara, kupitia vyombo vyao mbalimbali, waliulalamikia kwa miaka mingi. Mwaka 2017 ulishushwa kutoka 5% hadi 3% kwa mazao ya biashara na 2% kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka wilaya moja kwenda nyingine akaondolewa kabisa. Hatusemi chemba peke yake ndiyo iliyofanya hayo. Tunasema mlalamikaji mmoja mmoja asingefika.

Tukumbuke pia kwamba chombo hiki si cha zamani sana. TCCIA ilianzishwa 1988, miaka michache tu baada ya msako wa wahujumu uchumi wa 1983, wakati ambapo kuwa na sabuni nyingi stoo kulitosha kukufikisha pabaya. Wenzetu wa Kenya walikuwa wametangulia: chemba yao ya taifa ilizaliwa 1965 kwa kuunganisha chemba tatu, ya Waafrika, ya Waasia na ya Wazungu.

Lakini tusiwapambie. Chemba ni ya wanachama, na ubora wake ni wa wanachama wale wa mahali pale. Kuna wilaya ambako ofisi iko wazi na kuna mtu wa kukusikiliza. Kuna nyingine ambako chemba huamka uchaguzi wa viongozi ukikaribia. Kabla hujalipa ada, uliza mkutano wa mwisho ulifanyika lini, nani anawakilisha kwenye baraza la biashara la wilaya, na alipeleka hoja gani. Dai risiti. Ukiambiwa utume ada kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, simama kwanza, piga ofisi ya mkoa uulize.

Na kama una mzigo wa kuvuka mpaka, nenda kwenye chemba kabla lori halijapakiwa.