Fahamu: Bakteria wanaoua viluwiluwi wa mbu

Ni nini?
Bti (Bacillus thuringiensis israelensis) ni bakteria aliyegunduliwa Israel mwaka 1976. Hutengeneza fuwele za protini zenye sumu. Kiluwiluwi akizimeza, utumbo wake hupasuka. Kwa kipimo cha kawaida Bti haidhuru samaki wala binadamu.

Sumu huongezwaje?
Kazi kubwa iko ndani ya tangi la kuchachushia: hewa ya kutosha na chakula chenye protini. Soya hupunguza gharama. Maabara pia huunganisha jeni za sumu ya Bti na za bakteria mwingine, Bacillus sphaericus, ili mbu wasijenge usugu upesi.

Inazalishwa wapi?
Kiwanda cha Kibaha, Tanzania, hutumia teknolojia ya Kuba kuzalisha dawa zinazotokana na bakteria wote wawili. Lakini Bti huisha nguvu haraka. Kwa hiyo madimbwi hunyunyiziwa tena na tena.