Paja Linapofanya Kazi: Namna ya Kuipima Misuli ya Wanaume na Wanawake

Mkulima wa Karagwe au Kyerwa anayeteremka kutoka kibanjani na mkungu wa ndizi kichwani hutetemeka mapaja kabla hajafika bondeni. Sababu ni kwamba misuli minne ya mbele ya paja, ambayo hunyoosha goti wakati wa kupanda, hugeuka breki wakati wa kuteremka: hulizuia goti lisikunjike ghafla.

Misuli hiyo hufuata amri ya neva. Amri inapofika, nyuzi za msuli hutoa umeme mdogo sana. Kipimo kiitwacho elektromiografia huunasa umeme huo kwa vibandiko vinavyowekwa juu ya ngozi, wakati mtu anapochuchumaa, anaponyoosha goti au anapoinuka kitini.

Je, mwanamume akitoa umeme mwingi kuliko mwanamke, misuli yake imejitahidi zaidi? La hasha. Mafuta yaliyo chini ya ngozi hupunguza umeme unaokifikia kibandiko, na kwa wastani mapaja ya wanawake yana mafuta mengi zaidi. Kwa hiyo kila mtu hupimwa kwanza akikaza msuli kwa nguvu zake zote, kisha kipimo cha zoezi hulinganishwa na hicho chake mwenyewe. Tuchukue mfano: mwanamume apate 300 katika zoezi, na 600 kwa nguvu zote, mwanamke apate 150, na 200 kwa nguvu zote. Mwanamume ametumia nusu ya uwezo wake, mwanamke robo tatu. Namba ya mwanamke ni ndogo, lakini mzigo wake ni mzito zaidi.

Zahanati nyingi hazina chombo hiki, lakini funzo lake halihitaji chombo: mgonjwa alinganishwe na nafsi yake. Mwanamke mwenye maumivu ya goti asiambiwe kuwa ni mvivu kwa kuwa mumewe hupanda mlima huohuo bila kulalamika.

Mhudumu wa afya amketishe mgonjwa kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, kisha ahesabu mara anazoinuka na kuketi kwa sekunde 30. Idadi iandikwe kwenye kadi, na kipimo kirudiwe baada ya majuma kadhaa.

Nyumbani, mgonjwa aketi, anyooshe goti taratibu, alishikilie akihesabu hadi tano, kisha aushushe mguu polepole. Mara 10 kwa kila mguu. Kuushusha polepole ndiko kunakoyaandaa mapaja kwa mteremko. Misuli hiyo ikiimarika, maumivu ya goti lililochakaa kwa kawaida hupungua.

Goti likivimba na kuwa la moto, likikwama, au maumivu yakiambatana na homa, mazoezi yasimamishwe na mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia.