Pamba Chakol: piga hesabu kabla ya kushika jembe

Ukizungumza na wazee wa Chakol, Amukura au kule Samia kuhusu pamba, wengi watakuambia walikuwa wanailima na wakaiacha. Sababu haikuwa udongo. Walipeleka pamba, wakapewa risiti, kisha wakangoja pesa msimu mzima na mwingine juu yake. Miaka ya 1990 biashara hiyo ilipoporomoka, watu walihamia mahindi, muhogo na miwa.

Sasa pamba inarudi polepole. Desemba 2019 baraza la mawaziri liliidhinisha pamba ya Bt ilimwe kibiashara nchini, na Busia ni moja ya kaunti zinazoilima. Rivatex ya Eldoret inahitaji nyuzi, na kaunti ina kiwanda chake cha kuchambua pamba pale Mulwanda. Kwa hivyo wateja wetu wanatuuliza: je, pamba inalipa? Jibu letu: inalipa mtu anayejua gharama zake.

Tuchukue ekari moja. Namba hizi ni za mfano tu, weka zako. Kulima mara mbili 6,000, mbegu 1,500, palizi 3,500, dawa 3,000. Jumla 14,000, na hizo zinatoka uvune au usivune. Wachumaji unawalipa shilingi 10 kwa kilo, na bei ni 60 kwa kilo. Ukipata kilo 300, unaingiza 18,000. Toa 14,000 na 3,000 za wachumaji, unabaki na 1,000. Miezi sita kwa elfu moja! Lakini ukipata kilo 600 kwenye ekari hiyo hiyo, unaingiza 36,000, unatoa 14,000 na 6,000, unabaki na 16,000. Mavuno yameongezeka mara mbili tu, faida imeongezeka mara kumi na sita. Ndiyo maana tunasema afadhali nusu ekari iliyotunzwa kuliko ekari mbili za magugu.

Kilo hizo zinaanzia kwenye mbegu. Chakol iko katikati ya Busia na Malaba, na mpakani hapa kila kitu kinauzwa, hata mbegu za kufungiwa kwenye karatasi ya nailoni. Usinunue hizo. Paketi ikiwa na stika ya KEPHIS, ikwangue na utume namba zake kwa SMS kwenda 1393. Utajibiwa kama mbegu ni halali. Simu ya mulika mwizi inatosha. Dawa nayo iwe na namba ya usajili wa PCPB kwenye lebo. Lipa agroveti kwa simu badala ya keshi, maana mbegu isipoota, ule ujumbe wa malipo ndio ushahidi wako wa tarehe na duka.

Panda mvua ndefu zikianza, Machi au mapema Aprili. Mistari iachane sentimita 90 na mashimo sentimita 30, hiyo ni kama mashimo 15,000 kwa ekari. Mbegu ya Bt ni chotara na huenda ikataka nafasi kubwa zaidi, kwa hivyo fuata maelezo ya paketi. Punguza miche mapema hata kama roho inauma. Wiki nane za kwanza magugu yasipate nafasi kabisa, kwa sababu pamba changa ni mnyonge. Pesa ya palizi iweke kando kabla hujapanda. Ukiingoja ipatikane, magugu hayatakungoja.

Kuhusu wadudu, kuna jambo moja linachanganya wengi. Bt inaua funza wa vitumba. Haiui vidukari, nzi weupe wala kangambili, wale wadudu wekundu wanaotia nyuzi madoa. Kwa hivyo usipige dawa kwa kufuata kalenda, na usiache shamba eti mbegu ni ya kisasa. Tembea shambani kila wiki, geuza majani, fungua vitumba vichache, ndipo uamue. Dawa usiyoipiga ni pesa iliyobaki mfukoni. Na mbegu ya chotara usiihifadhi kupanda tena msimu ujao, haitazaa vile ilivyozaa.

Wakati wa kuchuma, ngoja umande ukauke. Nyeupe safi iwe peke yake na yenye madoa peke yake, kwa sababu mchanganyiko hulipwa kwa bei ya ile mbaya. Tumia mifuko ya kitambaa. Magunia ya plastiki huacha nyuzi zinazoingia kwenye pamba, na kiwandani hazitoki. Ukimaliza, ng'oa mabua na uyachome, halafu msimu unaofuata panda maharagwe, njugu au mahindi hapo. Wadudu wakikuta pamba juu ya pamba wanafanya shamba kuwa nyumbani.

Sasa malipo, ambapo sisi tunaona machozi mengi. Broka akipima pamba yako na kukuonyesha ujumbe kwenye simu YAKE kwamba ametuma, hiyo si pesa. Hata ujumbe ulioingia kwako unaweza kuwa umeandikwa na mtu tu. Angalia salio lako mwenyewe kabla gunia halijapanda boda. Andika kilo, bei na tarehe kwenye daftari, na usifute ujumbe wa malipo. Mnunuzi akitoka ng'ambo, upande wa Tororo, na akitaka kutuma kutoka laini ya Uganda, ulizeni kwanza kiwango cha kubadilisha pesa na makato, kisha mkubaliane kiasi kitakachofika kwako kwa shilingi za Kenya.

Na kama umepokea malipo halafu mtu anapiga simu akisema amekosea, anataka umrudishie au umpe PIN ili "arekebishe", kata simu. Usimtumie chochote. Piga huduma kwa wateja wewe mwenyewe, ukiwa na namba ya muamala mkononi, siku hiyo hiyo. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN, hata awe na jina lako lote na kilo ulizouza.