Tope la Karagwe Kwenye Kiatu cha Mwanafunzi

Masika yakishika Karagwe, asubuhi utawaona watoto wakiteremka kilima kwenda shule, kiatu kimoja mkono huu, kingine mkono ule, miguu mitupu ndani ya tope. Nyumbani wameonywa wasivichafue. Kiatu ni pesa ya kahawa, na kukisafisha ni kazi ya jioni nzima. Basi kiatu kinalindwa, mguu unaachwa.

Hapo ndipo safura inapopata mlango. Mayai ya mnyoo wake hutoka na kinyesi cha mgonjwa na kuanguliwa kwenye udongo wenye joto, unyevu na kivuli, kama ule ulio chini ya migomba. Baada ya wiki moja hivi mabuu wanaweza kupenya ngozi ya unyayo. Mwisho wa safari yao ni utumbo mwembamba, ambako mnyoo hung'ata na kunyonya damu, hadi mtoto anapungukiwa damu na kusinzia darasani. Ndiyo maana nashikilia kwamba kiatu kikaliwe na tope, mguu ubaki ndani yake. Kinachotakiwa ni kujua namna ya kulitoa tope lenyewe.

Na tope hili lina historia ndefu. Wanajiolojia wana ukanda wa miamba wanaouita Karagwe-Ankole, unaoanzia huku Kagera na kuingia kusini-magharibi mwa Uganda, Rwanda na Burundi. Sehemu kubwa ya miamba hiyo ilikuwa tope chini ya maji, zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita. Likagandamizwa, likawa jiwe la matabaka membamba, kisha mvua na hewa vikaanza kulilegeza tena. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini vilima ni vile vile: Kayanga au Nkwenda, mtoto anakanyaga jiwe lililorudi kuwa tope mara ya pili.

Chembe za udongo wa mfinyanzi ulio ndani ya tope hilo hazifiki milimita 0.002, nazo ni bapa kama vigae. Chukua vipande viwili vya kioo, tia tone la maji katikati, ujaribu kuvibandua. Vitateleza, lakini kuachana havitaki. Maji ndiyo yanayovishika, na ndani ya tope kuna vigae kama hivyo visivyohesabika. Mwaka 1911 Albert Atterberg wa Sweden alionyesha jinsi mfinyanzi unavyobadilika kufuata maji yake: ukikauka ni mgumu na hukatika, ukipata maji kiasi hufinyangika, yakizidi hutiririka. Tope la njiani liko hapo katikati, linaponata kweli kweli. Ukilisugua bichi kwa kitambaa unalishindilia kwenye mishono.

Kwa hiyo mtoto akifika, akwangue mabonge kwenye nyasi, kisha aviache viatu barazani hadi baada ya chakula cha jioni. Maji yakitoka, mfinyanzi husinyaa. Ngozi ya kiatu haisinyai kiasi hicho, na tope linapasuka lenyewe na kujibandua. Gonganisha soli, pitisha kijiti kwenye mishono, piga brashi, malizia na kitambaa chenye unyevu. Mabuti ya mpira hayahitaji kusubiri: yamwagie maji mengi, tope litiririke.

Usiviweke karibu na mafiga ili vikauke upesi. Ngozi iliyolowa hujikunja kwa joto na gundi ya soli huachia. Jaza magazeti ndani, yabadilishe kabla ya kulala.

Soksi nyeupe ndizo zinazowatesa akina mama. Wekundu wa udongo wetu ni oksidi za chuma, yaani ni ndugu wa kutu. Jik hufuta rangi kwa kuioksidisha, na kutu imekwisha kuoksidishwa zamani, haina cha kufanywa. Maji ya limau hufaa zaidi, kwa sababu asidi yake hushika chuma na kukitoa polepole. Paka, acha kwa muda, suuza. Lakini limau na Jik visikutane kamwe kwenye beseni moja. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu.

Asubuhi, kabla mtoto hajatoka, paka kiwi hadi kwenye mishono. Nta yake hufukuza maji, na tope la leo halitapata pa kushika kama la jana.