Kuchemsha maji hakuondoi risasi: Funzo kutoka mji wa Flint

Juma lililopita mama mmoja alinijia na mtoto wake wa miaka mitatu. Viganja vya mtoto huyo vilikuwa vimepauka, na mamake akaniambia kwamba anapenda mno kula udongo. Nilipomwuliza kuhusu maji wanayokunywa nyumbani, alinijibu kwa fahari, "Daktari, mimi huchemsha kila tone."

Nilimpongeza, kwani maji yakichemka viini vya kipindupindu na homa ya matumbo hufa. Lakini iko sumu moja ambayo moto hauiwezi, na nakiri kwamba kwa miaka mingi sikuwa na desturi ya kuwauliza wagonjwa wangu habari zake. Sumu hiyo ni madini ya risasi. Ukichemsha maji yenye risasi, maji hupungua kwa mvuke na risasi hubaki sufuriani, kwa hivyo kikombe chako huwa na sumu zaidi kuliko awali.

Mpendwa msomaji, ili uelewe jinsi sumu hii inavyomfikia mtoto, hebu tuuangalie mji wa Flint, jimbo la Michigan, nchini Marekani. Huko watu walipungua, chakula kikawa adimu, na serikali ikawaficha wananchi ukweli. Mambo hayo matatu yalikutana katika damu ya watoto.

Mji uliopungukiwa na watu

Kampuni ya magari ya General Motors ilianzishwa Flint mwaka 1908, na mji ukanawiri. Mwaka 1960 ulikuwa na wakazi zaidi ya 196,000. Baadaye viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine, vijana wakahama kutafuta kazi, na sensa ya mwaka 2020 ikahesabu watu 81,252 pekee.

Huenda ukauliza, je, kuhama kwa watu kunahusianaje na ugonjwa? Mabomba ya mji ule yalitandazwa kwa ajili ya watu wapatao 200,000. Watumiaji wakipungua hadi chini ya nusu, maji hukaa bombani kwa muda mrefu kabla ya kufika mferejini. Klorini huisha nguvu, viini hupata nafasi ya kuzaana, na madini ya bomba hupata wakati wa kuingia majini. Aidha, walipa kodi wachache waliosalia hulazimika kugharimia mabomba yale yale yaliyojengewa umati.

Mji ulipoishiwa na fedha, gavana wa jimbo aliuweka mwaka 2011 chini ya msimamizi maalumu aliyekuwa na mamlaka kuliko meya na madiwani waliochaguliwa na wananchi. Kazi yake kuu ilikuwa kupunguza gharama. Tarehe 25 Aprili 2014, mji uliacha kununua maji ya Ziwa Huron kutoka Detroit, ukaanza kutumia maji ya Mto Flint.

Maji ya mto huo yalikuwa makali zaidi kwa vyuma. Maji ya Detroit yalikuwa yakitiwa dawa ya fosfati, ambayo hujenga utando ndani ya bomba na kuzuia maji kugusa chuma. Flint haikutia dawa hiyo. Utando ukamomonyoka, na risasi ya mabomba ya zamani yanayoingia majumbani ikaanza kumwagika vikombeni.

Risasi mwilini

Risasi haina kazi yoyote mwilini, na hakuna kiwango chake ambacho wataalamu wamethibitisha kuwa ni salama kwa mtoto. Hujifanya kama kalsiamu, ikaingia katika ubongo unaokua na kujificha mifupani kwa miaka mingi. Mtoto huweza kupoteza uwezo wake wa kujifunza, akawa mwepesi wa hasira, asitulie darasani, au akapungukiwa na damu. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni.

Sasa tuje kwenye chakula. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Tumbo likiwa tupu hufyonza zaidi. Mwili uliopungukiwa na madini ya chuma huongeza milango ya kuyapokea, na risasi hupenya kupitia milango hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa kalsiamu. Kwa hivyo watoto wawili wakinywa maji ya mfereji mmoja, yule mwenye njaa ndiye atakayeumia zaidi.

Hapo ndipo Flint ilipoumia maradufu. Maduka makubwa ya vyakula, kama viwanda, yalikuwa yakiufuata umati unaohama. Familia nyingi zisizo na gari zilibaki na vibanda vinavyouza vinywaji vitamu na vyakula vya pakiti, huku mboga na matunda vikiwa mbali.

Waliojua na walioambiwa

Wakazi walianza kulalamika mapema. Maji yalinuka na kubadilika rangi, na watu wakapata vipele. Mwezi Oktoba 2014, General Motors iliacha kutumia maji hayo katika kiwanda chake cha injini kwa sababu yalikuwa yakiozesha vyuma. Fikiria, msomaji: maji yaliyokataliwa kwa injini yaliendelea kunyweshwa watoto, na maafisa wakaendelea kusema ni salama.

Mapema mwaka 2015, nyumba moja ilipimwa ikapatikana na risasi sehemu 104 kwa bilioni, ilhali sheria ya Marekani wakati huo ilitaka hatua zichukuliwe zikizidi 15. Watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech, wakiongozwa na Marc Edwards, walipima maji ya mamia ya nyumba na kuthibitisha hatari hiyo. Kisha daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alichambua matokeo ya damu yaliyokuwa tayari hospitalini. Miongoni mwa watoto walio chini ya miaka mitano, wenye risasi nyingi walikuwa wameongezeka kutoka asilimia 2.4 hadi 4.9. Alipoyatangaza haya tarehe 24 Septemba 2015, maafisa wa jimbo walimbeza na kudai anawatia watu hofu bure. Siku chache baadaye walikagua takwimu zao wenyewe wakakuta alisema kweli. Katikati ya mwezi Oktoba, mji ulirudi kwenye maji ya Detroit.

Katika miaka hiyo ya 2014 na 2015, ugonjwa wa mapafu uitwao Legionnaires, unaotokana na viini vya majini, uliwashika watu wapatao 90 katika eneo hilo na kuua 12. Umma haukutangaziwa mlipuko huo mpaka Januari 2016. Na sheria ya Michigan ya upatikanaji wa habari haikuwa ikiilazimisha afisi ya gavana kutoa nyaraka zake.

Ukosefu wa uwazi, basi, ni jambo la afya. Risasi ikishaharibu ubongo wa mtoto, hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Zipo dawa za kuitoa risasi damuni inapokuwa nyingi sana, lakini haziponyi madhara yaliyokwisha tokea. Tiba ya kweli ni kuzuia, na huwezi kuzuia usichoambiwa.

Tusidhani haya ni ya Wamarekani pekee. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia wakazi sumu hii hii. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani, Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024.

Ufanye nini?

Kwanza, endelea kuchemsha maji kwa ajili ya viini, ila usitegemee moto kwa risasi. Mahali penye mabomba ya zamani, maji yakiwa yamelala bombani usiku kucha, yaache yatiririke kidogo kabla ya kukinga ya kunywa. Yaliyomwagika yatumie kufulia au kupigia deki.

Pili, usiruhusu betri za magari kuvunjwa au kuyeyushwa karibu na nyumba. Anayefanya kazi hiyo aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Tatu, mtoto asilale njaa wala asiende shule bila kula. Mpe maharagwe, ndengu, terere, omena, na maini ukiweza, ili apate madini ya chuma. Maziwa na omena humpa kalsiamu. Chungwa, pera au ndimu husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Vyakula hivi haviondoi sumu iliyokwisha ingia, bali huifungia milango.

Nne, mtoto anayekula udongo apelekwe hospitali akapimwe damu. Tabia hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, na udongo wenyewe waweza kuwa na risasi.

Tano, uliza. Kifungu cha 35 cha Katiba yetu na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinakupa haki ya kuiandikia afisi ya umma kudai matokeo ya vipimo vya maji unayokunywa. Kata nakala, uiweke.

Huko Flint, mwezi Julai 2025 ilitangazwa kwamba mabomba ya risasi karibu 11,000 yamekwisha badilishwa. Tangu Januari 2024, chini ya mpango ulioanzishwa na Dkt Hanna-Attisha, mama mjamzito mjini humo hupewa dola 1,500, kisha dola 500 kila mwezi katika mwaka wa kwanza wa mtoto, kwani daktari huyo aliona kwamba umaskini nao ni sumu. Lakini watoto walioyanywa maji yale mwaka 2014 sasa ni vijana wa shule, na mabomba mapya hayawezi kuwarudishia walichopoteza.

Yule mama wangu nimemwomba arudi Jumatatu, mtoto apimwe damu. Safari hii nitamwuliza pia jirani zake wanafanya kazi gani, na mtoto alikula nini asubuhi.