Kuandika Amri ao Kubonyeza?

Wengi munauliza: ku ordinatere ya Linux, programu inawekwa kwa kuandika amri ao kwa kubonyeza dirishani?

Mujue kwanza: kwa Debian na Ubuntu, amri ya APT na dirisha la Synaptic zinaingia gala moja. Mufanyakazi ni APT. Ni yeye anatafuta programu pamoja na zingine zenye hiyo inahitaji. Synaptic ni dirisha tu. Nyuma yake ni APT ile ile.

Dirisha linafaa kama haujue jina la programu: unaona orodha, unasoma maelezo. Lakini ku mashine kumi, utabonyeza mara kumi. Amri inaandikwa ku ubao, na kila mutu anaifuata sawasawa:

sudo apt-get install gcompris-qt

Tena, mega za Internete ni feza. Amri hii inaacha mafaili ndani ya /var/cache/apt/archives. Uyabebe kwa kle ya USB, uyatie mahali pale pale ku mashine ingine yenye Linux na orodha za namna moja, utoe amri ile: hayatashuka tena. Lakini ukiandika apt bila -get, inayafuta kisha kuweka.

Muangalie: sudo inakupa nguvu yote. APT ikiuliza O/n, usome kwanza programu zenye zitaondolewa. Mashine ni ya wote. Ukijibu O bila kusoma, wenzako kesho watakosa chombo cha kazi.