Koltani ya Masisi: lebo ya gunia na mipaka yake

Njia ya siku zote ya koltani ya Rubaya, huko Masisi, mashariki mwa Kongo, huteremka milimani hadi Sake, hupita Mugunga, kisha huingia katikati ya mji wa Goma. Madini hayo hutoa tantali, metali ya kutengenezea kapasita, vipuri vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu, kompyuta na magari. Watengenezaji wa vifaa hivyo wamekuwa wakitakiwa tangu mwaka 2010 waipate metali hiyo bila kulisha vita na bila kuharibu ardhi. Sehemu kubwa ya jibu lao imekuwa lebo na fomu.

Uchimbaji wenyewe ni wa sururu na koleo. Mchanga wa mgodini huoshwa kwa maji yanayotiririka katika mfereji. Koltani, kwa kuwa ni nzito, hutuama chini, na tope huenda zake mtoni. Kilichobaki hukaushwa, hupimwa kiwango cha tantali, hutiwa kwenye gunia na kwenda kwenye mizani. Pale penye ukaguzi rasmi, gunia hufungwa kwa lebo ya plastiki yenye namba, na namba hiyo huandikwa daftarini pamoja na uzito. Mnunuzi wa kati akishachanganya mizigo, lebo ya pili hufungwa. Kuanzia hapo hadi kiwanda cha kuyeyushia, namba ndiyo inayosema gunia lilitoka wapi.

Utaratibu huo ulisukumwa zaidi na sheria ya Marekani ya Julai 2010, iliyozitaka kampuni zilizo kwenye soko la hisa kueleza asili ya bati, tantali, tungsteni na dhahabu zinazozitumia. Septemba mwaka huohuo serikali ya Kongo ilisimamisha uchimbaji katika mikoa ya Kivu zote mbili na Maniema, na marufuku ikadumu hadi Machi 2011. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ilipitishwa 2017 na kuanza kazi Januari 2021, lakini inawabana waagizaji wa madini na metali tu. Anayeagiza simu iliyokwisha kuundwa haimgusi.

Lalamiko kubwa la mnunuzi wa kati wa Goma linaanzia kwenye sheria hizo. Kwa maelezo yake, wateja wa nje waliogopa kuchafuliwa jina, wakaondoka badala ya kusaidia kusafisha soko, na wachache waliobaki wakapanga bei wanavyotaka. Gharama ya lebo, anasema, haikatwi kwenye faida ya mwenye kiwanda. Inashushwa ngazi kwa ngazi hadi imfikie mchimbaji, ambaye hana wa kumshushia. Mgodi ukipewa rangi nyekundu katika orodha ya serikali, mzigo halali hukosa soko siku hiyohiyo, ilhali wa magendo huvuka mpaka kama kawaida. Tena mrabaha wa Kongo kwa koltani ni asilimia 10, tangu ilipotangazwa madini ya kimkakati mwaka 2018. Kwa hesabu ya mfanyabiashara huyo, sheria imemwadhibu anayeifuata. Hesabu hiyo ina upande wake, kwa kuwa wanunuzi wa kati nao hutuhumiwa kuchanganya magunia. Hata hivyo hoja ya nani analipia uwajibikaji haijajibiwa.

Upande wa maofisa, takwimu inayorudiwa kuliko zote ilitolewa mbele ya Baraza la Usalama Septemba 2024: ofisa mwandamizi wa Umoja wa Mataifa alisema eneo la Rubaya hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia, na kwamba waasi wa M23, waliolitwaa miezi michache kabla, hukusanya takriban dola 300,000 kwa mwezi. Kufikia mwisho wa mwaka huo, ripoti ya wataalamu wa Umoja huohuo ilitaja dola 800,000 kwa mwezi. Pengo hilo linaonyesha ugumu wa kupima biashara inayopita gizani. Asilimia 15 nayo inahitaji tahadhari: mzigo unaovuka mpaka bila karatasi huhesabiwa kuwa wa nchi nyingine, au hauhesabiwi kabisa. Hapohapo taarifa za kila mwaka za kampuni nyingi husema hakuna ushahidi kwamba madini yao yamefadhili kundi lolote. Kauli hizo mbili ni vigumu kuketi meza moja, na wakaguzi wa serikali ya Marekani wenyewe walikiri mwaka 2024 kwamba sheria ya 2010 haijapunguza ghasia mashariki mwa Kongo.

Yaliyo mikononi mwa mtengenezaji ni mengine, na si mapya. La kwanza ni kubaki: mkataba wa muda mrefu na migodi inayokaguliwa, bei inayofika shimoni, na mchango wa kufukia mashimo na kujenga mabwawa ya kutuamisha tope. La pili ni kutumia kidogo; bei ilipopanda kupita kiasi mwaka 2000, viwanda viligundua kwamba kapasita za kauri zingeweza kushika sehemu ya kazi hiyo. La tatu ni kifaa kinachodumu. Tangu Juni 2025 Ulaya inataka vipuri vya simu mpya vipatikane kwa miaka 7. La nne ni kurejesha. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizokusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu unaojulikana. Dhahabu na shaba huokolewa humo. Tantali, iliyotawanyika kwa chembe katika kila kifaa, karibu yote hupotea.

Matarajio hayana uhakika. Mahitaji ya kapasita hayaonyeshi dalili ya kupungua, na usalama wa Masisi hauamuliwi na wahandisi. Urejeshaji ukifanikiwa, milima itapumua, lakini maelfu wanaoishi kwa sururu watahitaji kazi nyingine, na hakuna mpango wa kiwanda unaolitaja hilo kwa fedha. Linaloelekea zaidi kutokea kwa sasa ni lebo kuendelea, pamoja na mashaka juu yake.